Waya wa Madishi na Mashine ya Babu

Niseme mwenyewe kabla sijasemewa: disketi niliipasua mimi. Kwa wembe. Mchana kweupe, mezani, nikiwa na akili zangu zote, ambazo dada yangu anasema zinajaa kwenye kizibo cha soda na nafasi inabaki.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, disketi ni kijibamba cheusi cha plastiki, ukubwa wake kama kipande cha mkate wa dukani, kina kijilango cha bati kinachojifunga chenyewe. Mama aliitunza kabatini pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo na kadi za kliniki, imeviringishwa kwenye leso. Siku ile aliitoa, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayetoa sadaka.

"Wewe si unajifanya unajua kompyuta? Humu mna kitabu cha babu yako. Tafuta namna kitoke."

Nikaigeuza, nikaichungulia. Nikawaza: simu ina memori kadi, redio ya jirani ina memori kadi. Plastiki kubwa namna hii haiwezi kukosa memori kadi ndani, mengine yote ni kava tu. Watu wa zamani walipenda makava. Nikachukua wembe.

Ndani nikakuta duara jembamba la rangi ya kahawia, laini kama ganda la kitunguu, na vitambaa viwili vyeupe. Kadi hakuna. Nikalipuliza lile ganda, nikalifuta kwa shati la shule, nikalimulika dirishani. Hapo ndipo mama alipoingia na beseni la mahindi.

"Unafanya nini?"

"Natafuta kadi."

Hakunipiga. Alitua beseni, akakaa kwenye kochi, akaliangalia lile ganda la kahawia mkononi mwangu bila neno. Mama yangu ni mtu wa maneno. Sala ya chakula tu nyumbani kwetu inaweza kupoza ugali. Kwa hiyo nilipoona amenyamaza, nikajua nimefanya kitu ambacho hakina jina.

Ngoja nieleze kitabu chenyewe. Babu, baba yake mama, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Msanzi. Alipostaafu, wamisionari walikuwa wananunua kompyuta mpya, wakampa ile ya zamani waliyokuwa wakitaka kuitupa. Akaamua kuandika hadithi na methali za Kifipa zote alizozijua, na habari za malungu, yale matanuru marefu ambayo mababu walikuwa wakiyeyushia chuma. Babu mwenyewe vidole vilikuwa vimekakamaa, basi akamkalisha mama kwenye kibodi. Mama wakati huo alikuwa binti anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Kila Jumamosi babu anasema, mama anapiga.

Babu alifariki mwaka jana. Misa yake ya mwaka ilikuwa imebaki wiki tatu, na ukoo mzima ungekuja, wa Mpui, wa Msanzi, mpaka wale ambao huwa wanakuja kwa ajili ya nyama. Mama alikuwa ameshawaahidi kwamba siku hiyo kila familia itaondoka na kitabu cha mzee.

"Basi si kipo kwenye mashine yenyewe?" nikauliza, kwa sababu ile kompyuta ya babu ilikuwa hapo hapo sebuleni kwetu Izia, Sumbawanga mjini. Ililetwa juu ya lori la mahindi baada ya mazishi, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama mgeni wa heshima.

"Kipo," mama akasema. "Na kuna kazi humo ndani sijaimaliza. Nilimwahidi babu yako nitakisafisha. Nimekaa miaka yote hii, sijakisafisha. Sasa wewe unanipasulia."

"Kukisafisha vipi?"

"Ni makosa tu. Wewe kitoe, usikisome."

Nikaona ni sawa, kwa kuwa Kifipa changu ni cha jikoni: njoo, leta, acha, utapigwa. Nisingeweza kukisoma hata kwa kulazimishwa.

Tukaiwasha mashine. Ilikohoa, ikapiga mluzi, ikatoa herufi nyeupe kwenye kioo cheusi. Hakuna picha, hakuna kipanya, hakuna pa kubonyeza. Nikaanza kulitafuta tundu la flashi, mbele, nyuma, chini. Nyuma kulikuwa na matundu ya ajabu yenye meno kama samaki wa Ziwa Rukwa. La flashi hakuna. Kulikuwa na mdomo wa disketi, lakini disketi nimeshaeleza ilikoishia, na nilizunguka mji mzima nikiulizia nyingine. Mwenye duka la vifaa vya shule alinipa kalkuleta. Mwingine aliniuliza kama nina homa.

Nikajaribu kukipiga picha kitabu pale kiooni kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Kila picha ilitoka na mistari mieusi inayopita juu ya maneno. Nikamwonyesha mama.

"Hii nini?"

"Ukurasa wa kwanza."

"Huu si ukurasa, huyu ni pundamilia. Acha."

Ndipo nikaingia mtandaoni, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuchemka kikweli. Nilitafuta kwa Kiswahili, nikaletewa namna ya kuhamisha makazi. Nikatafuta kwa Kiingereza cha darasani, nikaletewa programu elfu za kuhamisha mafaili, zote zinataka mashine iwe na intaneti. Mashine ya babu haina intaneti, haina hata saa: inadhani leo ni siku ileile iliyotoka kiwandani. Nikabonyeza kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa pakua, nikapakua mchezo wa kupanga peremende. Nikaucheza kidogo. Sitaki kusema uongo, nilifika hatua ya arobaini.

Bando la kwanza likaisha hivyo.

Bando la pili nililipata kwa dada, kwa masharti ya kufua nguo zake wiki nzima, na Sumbawanga mwezi wa sita maji yake yanauma kama mbwa. Safari hii niliangukia jukwaa moja la wazee. Nasema wazee kwa kukisia. Kila mmoja alikuwa na picha ya mashine badala ya uso. Wako nchi za mbali huko, wanatunza kompyuta za kale kama bibi anavyotunza mbegu za ulezi kwenye kibuyu, na wanagombana. Niliuliza swali la mstari mmoja. Wa kwanza akanijibu aya saba. Wa pili akasema wa kwanza hajui kitu. Wa tatu akataka kujua mashine yangu ina rangi gani. Watu wa mikoa mingine wakisikia natoka Sumbawanga huniuliza kama naruka na ungo. Ningekuwa nao ningeruka kwenda huko nikawaulize uso kwa uso.

Nilichoelewa, baada ya siku tatu, ni hiki. Zamani watu walikuwa wakiunganisha kompyuta mbili kwa waya, tundu la meno kwa tundu la meno, na kila upande unakuwa na programu ileile ya kuhamishia. Sawa. Mashine ya babu haina hiyo programu. Basi iweke. Niiweke vipi? Ihamishe kutoka kwenye kompyuta nyingine. Nihamishe kwa kutumia nini? Kwa programu ya kuhamishia.

Nililisoma hilo mara nne. Nikamsomea dada.

"Yaani ili uhamishe unatakiwa uwe umeshahamisha," akasema.

"Ndiyo."

"Na umenimalizia bando langu kujua hilo?"

Yule mzee wa aya saba ndiye aliyenifungua. Kwenye aya ya sita, ambayo nilikuwa nimeiruka, alisema ziko programu chache ambazo hujipeleka zenyewe. Unaiwasha kwenye kompyuta moja, ile ya zamani unaiandikia mistari miwili tu, kisha programu inatambaa yenyewe kwenye waya mpaka upande wa pili. Akanipa mahali pa kuipata. Ukurasa wenyewe ulikuwa wa kijivu, hauna picha hata moja, na programu ilikuwa ndogo kuliko picha yangu ya pundamilia. Nikadhani nimeibiwa. Nikaipakua hivyo hivyo.

Sasa waya. Nilichora lile tundu kwenye daftari la Jiografia: meno tisa, matano juu, manne chini. Nikazunguka nalo mjini siku mbili. Aliyelitambua ni fundi madishi, kijana wa familia moja ya wenye maduka karibu na soko.

"Bwana mdogo, huo si waya wa kufleshia ving'amuzi?" Akavuta droo, akatoa mkia mrefu wa kijivu wenye vichwa viwili. "King'amuzi kikigoma kushika chaneli, tunakichomeka hapa kwenye laptopu tunakimwagia programu mpya. Wewe una king'amuzi gani?"

"Sina king'amuzi. Nina babu."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka nilipofika kwenye wembe, akaniomba nirudie hapo kwenye wembe. Kisha akanionyesha laptopu yake ya madishi, nene kama tofali. Pembeni ina tundu la flashi, nyuma ina tundu la meno. Mpya hazina hilo, akasema, ndiyo maana hii haiuzi.

"Niazime jioni moja, kaka."

"Laptopu hii haitoki humu dukani hata nikioa. Lete mashine yako."

Mama alinikataza nisibebe mashine peke yangu. "Wewe uliyepasua disketi?" Akakodi guta la magurudumu matatu, kioo kikalazwa juu ya godoro la mtoto, na yeye akakaa pembeni yake amekishika kwa mikono yote kama mgonjwa. Mimi nilipewa kibodi. Upepo ulikuwa unavuma ule wa kwetu wa kukausha midomo, na watu barabarani wakawa wanampa mama pole. Hakuwasahihisha.

"Shikamoo mama," fundi akaamkia mlangoni.

"Marahaba baba. Hujambo? Wa nyumbani hawajambo?"

"Hatujambo. Sasa mama, mimi naona njia fupi. Tuifungue, tulitoe lile dude la ndani linalohifadhi, tulichomeke..."

"Hakuna kupasua," mama akasema. "Ya kwanza imetosha."

Fundi akaniangalia. Nikaangalia dari.

Tukachomeka waya. Programu nikaitoa kwenye simu nikaiweka kwenye laptopu, ikafunguka, herufi tupu, ikaniuliza kama nataka ijipeleke. Nikasema nataka. Ikaniandikia mistari miwili ya kwenda kupiga kwenye mashine ya babu, inafanana na namba za pikipiki. Nikapiga wa kwanza. Mashine ikajibu kitu. Nikapiga wa pili, nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Kimya. Nikapiga herufi, haitokei. Nikapiga zote. Kibodi imekufa, kioo kimekodoa macho.

"Umeiua," fundi akasema.

Nikaizima, nikaiwasha. Ikakohoa, ikapiga mluzi, ikarudi nzima. Nikapiga mistari yangu tena, taratibu, herufi moja moja. Wa pili tu, kimya. Nikaigonga ubavuni. Nikabonyeza kitufe cha kutoka, nikabonyeza vitatu kwa pamoja, nikaizima tena kwa hasira. Safari hii iliporudi mluzi wake ulikuwa wa kukwaruza, kama mtu anayekaribia kufa kwa pumu.

"Usiizime tena," mama akasema. Sauti yake haikuwa ya kugomba. "Hiyo ikifa, hakuna nyingine. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Huelewi. Umeandikiwa nini baada ya hiyo mistari miwili?"

Nikasoma kwenye laptopu. Imeandikwa: kisha rudi huku ubonyeze, usubiri. Nilikuwa sijawahi kufika hapo. Kila mara nilikuwa nashughulika na maiti upande wa pili.

"Mara zote mbili hukurudi huku?"

"Kwa sababu kule ilikuwa imekufa!"

Mama akavuta kigoda, akakaa. "Babu yako ulikuwa unamwamkia vipi?"

Nikaona mama naye sasa amechanganyikiwa. Fundi akakohoa.

"Si nakuuliza?"

"Nachuchumaa, napiga makofi."

"Halafu?"

"Nasubiri aitikie."

"Unasubiri! Wewe ulikuwa unapiga makofi mawili umeshafika jikoni unafunua masufuria. Babu yako alikuwa akiamkiwa anamaliza kwanza alichokuwa anafanya. Anafunga kiatu, anatia ugoro, ndipo anaitikia. Sasa hii ni mashine yake. Umeshaichuchumalia, nyamaza. Iache isikilize."

Sijui kama alikuwa anatania. Na mama yangu ndiye aliyeniambia kompyuta ni chombo, haina masikio. Lakini sikuwa na wazo lingine. Nikapiga mistari miwili kwa mara ya tatu. Kimya. Nikaondoa mikono. Nikaenda kwenye laptopu, nikabonyeza, kisha mikono nikaikalia kabisa, kila mmoja chini ya paja lake.

Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Mteja akaja na rimoti, fundi akamwashiria asubiri, na yule mteja naye akasimama kimya kama yuko kanisani, hajui anasubiri nini. Ya tatu, kwenye laptopu zikaanza kuhesabika namba, polepole mno, kama mtu anayehamisha debe la ulezi punje kwa punje. Mashine ya babu haikusema lolote. Namba zikaenda. Mama alikuwa ameshika rozari ndani ya mfuko wa sweta, niliisikia ikigongana.

Kisha kioo cha babu kikaandika mstari mmoja, na kibodi ikafufuka.

"Ameitikia," fundi akasema, na hakucheka.

Ukweli ni kwamba sikuelewa wakati ule na sielewi vizuri hata sasa. Mzee wa aya saba alikuja kunieleza baadaye kwamba mstari wa pili ndio unaoifunga kibodi makusudi, ili mashine isikilize waya badala ya vidole, na kwamba hayo yote alikuwa ameyaandika kwenye aya ya saba. Kumbe kila nilipoizima, nilikuwa namziba mdomo mtu anayefungua mdomo kuitikia.

Faili la babu lilipita kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Tukalifungua kwenye laptopu. Juu kulikuwa na takataka, vichwa vya watu na mioyo na alama za karata, nikadhani nimeleta ugonjwa. Nikashuka chini, maneno yakaanza. Kifipa, ukurasa baada ya ukurasa.

"Kipo," nikasema. "Mama, kipo chote."

Mama akasogea. Akasoma kidogo. Akafunika uso kwa khanga, mabega yakaanza kutikisika, nikajua tumekwisha, analia mbele ya mteja wa rimoti. Fundi akamletea kiti.

Hakuwa analia. Au labda vyote viwili.

"Mimi sijui Kifipa, mama," fundi akasema. "Imeandikwaje hapo?"

Mama akafuta macho, akasoma kwa Kiswahili, kidole kikifuata mstari: "'Sungura akamwambia fisi, mjomba, ingia wewe kwanza. Fisi akaingia. Wewe binti unacheka nini? Fisi akaingia. Usiandike hilo. Nimesema usiandike hilo. Mama yako yuko wapi na ile chai? Sungura akafunga mlango. Umefika wapi? Soma. Hapana, umeruka.'"

Tukamwangalia.

"Wenzangu wote Jumamosi walikuwa netiboli," mama akasema. "Mimi nimefungiwa ndani na fisi. Basi nikawa napiga kila kinachotoka mdomoni mwake. Kila kitu. Yeye macho yalikuwa hayaoni kioo. Akaniuliza siku ya mwisho, kimekaa vizuri? Nikamwambia bado kusafisha kidogo tu. Na kila mwaka anauliza. Mpaka mwaka jana, kitandani, ameniuliza."

Alishuka kurasa. Babu alikuwa mle mle kote: anakohoa, anaulizia ng'ombe, anafukuza kuku, anamwambia mama akae wima, anamaliza methali, anasahau methali, anaikumbuka kurasa mbili mbele. Mahali pamoja mama alisoma peke yake, kimya, na hakututafsiria.

Nikaona nijikomboe. Nilikuwa na deni la disketi, na hii kazi ya kusafisha ninaiweza: unatafuta neno, unafuta, unatafuta, unafuta.

"Mama, nifute yale yasiyo ya kitabu? Usiku huu namaliza. Wewe nionyeshe tu yanavyoandikwa."

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kibodi. Mama akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, akakiondoa. Alichosema ni hiki, na fundi ni shahidi:

"Usiguse. Chapa hivyo hivyo, na kuku wake. Halafu ukitoka hapa ukateke maji mpaka mapipa yote yajae, maana disketi yangu sijaisahau."